Nafuu kwa nani? Machakos na historia ya mali ya mbali

Mji wa Machakos uko kilomita 64 hivi kutoka Nairobi, na umbali huo siku hizi unauzwa kama bidhaa. Dalali wa ploti za futi 50 kwa 100 karibu na mitaa ya Kenya Israel au Katoloni hasifu udongo, wala hasifu vilima vya Iveti vinavyouzunguka mji. Anachosifu ni muda: mwendo wa saa moja tu kutoka jijini. Anayemsikiliza ni mwalimu, nesi, askari au mfanyabiashara wa Nairobi, pengine Mkenya aliye Dubai au Minnesota, mwenye akiba isiyotosha kununua hata fleti ndogo jijini lakini inayotosha kununua kiwanja Machakos na kuinua safu ya vyumba. Hesabu yake ni ya haraka: huko ni nafuu, watu wanaongezeka, kodi itakuja. Nadai kwamba neno "nafuu" katika hesabu hiyo lina kasoro ya zamani sana. Hupimwa kwa mfuko wa anayetazama kutoka mbali, ilhali chumba hulipiwa kwa mfuko wa anayelala ndani yake. Na historia ya Machakos, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu wa mbali wakiikosea bei yake, mara wakiishusha mno, mara wakiipandisha mno, huku wenyeji wakijua tangu zamani namna ya kuweka mali mbali bila kuipoteza.

Tuanze na hao wenyeji, maana ndio waliotangulia. Kabla ya ukoloni Wakamba wa huku waliishi vilimani, Iveti, Mbooni na Kilungu, wakalima mabonde yenye maji. Lakini utajiri wao mkubwa, ng'ombe, haukulala uani wote. Sehemu yake ilipelekwa mbali kwenye nyika ya wazi iliyoitwa weu, ardhi isiyokuwa ya mtu mmoja, na huko zikajengwa kambi za mifugo, syengo. Mwenye ng'ombe alibaki kilimani. Kambini alikaa mwanawe, mpwawe, au kijana asiye na mifugo aliyekabidhiwa kundi. Ukiutazama kwa macho ya leo, mpango huo ni uwekezaji wa mbali usiopungukiwa na kitu: mali haionekani kutoka nyumbani, ukame na simba na wavamizi wanaizunguka, na faida yote inategemea uaminifu wa mtu aliye huko. Kilichoufanya udumu ni kwamba mlinzi hakuwa kibarua. Maziwa ya kundi ndiyo yalikuwa chakula chake, na ndama wa kesho ndio walikuwa tumaini lake la kuanzisha kundi lake mwenyewe na kulipa mahari. Kundi likipotea, hasara ilimfika yeye kabla haijamfika tajiri kilimani. Tutarudi kwa kijana huyu tutakapomfikia mtunza nyumba za kupanga wa leo, keateka.

Wageni wa kwanza kuiwekea Machakos bei walikuwa Kampuni ya Imperial British East Africa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 waliweka kituo karibu na makao ya Masaku, mtu mashuhuri ambaye jina lake, kwa kutamkwa vibaya, likawa jina la mji. Sababu kubwa ilikuwa chakula, kwa kuwa misafara ya kwenda Uganda ilihitaji mahali pa kununua nafaka kabla ya kuvuka nyanda za Athi na kupanda kwa Wakikuyu. John Ainsworth aliwekwa kusimamia kituo mwaka 1892, na serikali ya Uingereza ilipochukua nafasi ya kampuni mwaka 1895, Machakos ikawa makao makuu ya jimbo la Ukamba. Wahindi na Waswahili wakafungua maduka kando ya ngome. Mtu aliyekuwa na rupia za kuweka katika jengo mwaka 1896 angeiona Machakos kuwa mahali pa uhakika kuliko karibu popote pale bara. Ndipo wahandisi wa reli walipotafuta njia tambarare, wakaviacha vilima kando, wakapita uwandani, na kufika mwezi Mei 1899 kwenye kinamasi cha Nairobi. Mwaka uleule Ainsworth akayahamishia huko makao makuu.

Kisa hicho husimuliwa Machakos kwa uchungu, kama posa iliyovunjwa mahari ikiwa imekwisha kulipwa, na wanasiasa hupenda kukumbusha majukwaani kwamba mji wao ni kaka mkubwa wa Nairobi. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Kilichoondoka mwaka 1899 ni cheo. Wilaya ilibaki, pamoja na karani wake, mahakama, polisi, hospitali, shule na soko. Vitu hivi havipandishi bei ya kiwanja kwa usiku mmoja, lakini kila mwisho wa mwezi vinalipa mshahara, na mwenye mshahara aliyetoka kwingine lazima atafute chumba. Kwa zaidi ya miaka mia moja kodi ya nyumba Machakos imesimama juu ya ofisi hizo ndogo zisizosifiwa. Ambaye angenunua kwa sababu ya cheo angefilisika. Ambaye angejenga kwa sababu ya karani angeendelea kupokea kodi, kidogo kidogo, kupitia vita viwili vya dunia na bendera mbili.

Kosa la pili la wageni lilielekea upande mwingine. Walowezi walikuwa wamechukua vilima vya Mua na sehemu kubwa ya nyanda, na mifugo ikasongamana ndani ya hifadhi ya Wakamba. Kufikia miaka ya 1930 mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo mekundu kila mahali. Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo, aliandika juu ya Machakos mwaka 1937 kwa maneno ya mtu aliyekwisha kukata tamaa: ardhi hii ilikuwa ikifa, na wakazi wake ndio waliokuwa wakiiua. Dawa ya serikali ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kupigwa mnada kwa bei duni, na mnunuzi aliyekuwa akisubiri alikuwa kiwanda kipya cha nyama cha Liebig pale Athi River. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwa maelfu hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Gavana Brooke-Popham alilazimika kwenda mwenyewe Machakos kuzungumza nao. Muindi akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha uuzaji wa lazima ulikuwa umesitishwa.

Wanahistoria huweka kisa hicho katika safu ya harakati za uhuru, na ni haki. Lakini ndani yake mna ugomvi wa tathmini pia. Kwa serikali, ng'ombe alikuwa ratili za nyama. Kwa mwenye boma alikuwa akiba, mahari, mbolea na bima ya ukame, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na safu katika daftari la mnada. Hata hukumu juu ya ardhi yenyewe ilikuja kupinduliwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti mkubwa juu ya Machakos ulioonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka mara tano hivi, ilhali mmomonyoko ulipungua, miti ikaongezeka, na matuta ya fanya juu yakavipanda vilima hadi kileleni. Fedha za kazi hiyo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka mbali. Zilikuwa mishahara ya askari wa KAR, jeshi la kikoloni, ya polisi, ya makarani wa Nairobi, na mapato ya wachongaji wa Wamunyu, waliochonga sanamu kuanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuziuza hadi Mombasa na ng'ambo. Mwanamume alikuwa Nairobi. Plau, mbegu za kahawa na matuta vilikuwa Machakos. Uwekezaji huo wa mbali ulifanikiwa kuliko mingi niliyopata kuisoma, na siri yake haikuwa ngumu: nyumbani alikuwako mke aliyeishi kwa shamba hilohilo, na jirani zake wa mwethya waliochimba tuta kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Tena ni kijana wa kambini, ila safari hii amevaa leso.

Baada ya uhuru ukaja mtindo ambao bado unatutawala. Ranchi za walowezi katika nyanda za Athi, Lukenya na Konza zilinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, wanachama wakichanga hisa. Mwenye hisa alipata karatasi, na karatasi hiyo kwa muda mrefu ilikuwa ahadi ya ardhi tu. Ugawaji ulikawia, viongozi wakagombana, orodha za wanachama zikarefuka kwa njia zisizoeleweka, na wengine wakafa kabla ya kuoneshwa jiwe la mpaka. Hapo ndipo mnunuzi wa mbali anapoingia kwa kishindo. Mtu wa Nairobi alinunua "hisa" ya mzee fulani, akapewa nakala ya cheti, barua ya ugawaji na ramani iliyochorwa kwa kalamu, akaambiwa hati miliki iko njiani. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka idhini ya bodi kabla ya ardhi ya kilimo kuuzwa, na bila idhini hiyo mauzo ni batili. Bodi hukaa mahali panapojulikana, siku inayojulikana. Lakini aliye mbali hupenda kumtuma mtu, na mtu huyo mara nyingi ndiye dalali anayelipwa asilimia yake pindi mauzo yanapotimia.

Gharama ya kutofika imeonekana waziwazi katika ukanda wa Mavoko, ndani ya kaunti hii hii ya Machakos. Novemba 2011 tingatinga ziliangusha nyumba nyingi Syokimau, kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege, na wenye nyumba wakasimama barabarani wakipunga karatasi walizoamini kuwa hati. Oktoba 2023 ikawa zamu ya ardhi ambayo mahakama ilikuwa imethibitisha kuwa ya kampuni ya saruji ya East African Portland, karibu na Athi River. Nyumba za ghorofa zilizokamilika hadi vigae zikawa kifusi kwa siku chache. Wengi wa waliopoteza hawakuwa wavamizi kwa nia. Walikuwa wamelipa fedha, tena nyingi. Kwenye picha za siku zile unaona kitu kidogo kinachosema mengi: tangi jeusi la maji likiwa limelala ubavu juu ya mawe ya kuchongwa, bado na karatasi ya dukani. Nyumba ilikuwa haijapata hata kuvuja.

Ni kweli kwamba Mavoko hiyohiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya upande wa pili, na haifai kuiruka. Sensa ya 2009 iliikuta kaunti nzima ya Machakos na watu 1,098,584. Ya 2019 ikakuta 1,421,932, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa Athi River, Mlolongo na Syokimau. Waliojenga vyumba huko mapema, wakiwa na hati safi, wamevuna. Lakini tuulize walivuna kwa nini. Mlolongo haukuanza na ramani ya mtu. Malori yalipanga foleni kwenye mizani ya barabara kuu, hata jina lenyewe ndilo linalosimulia; madereva na mataniboi wakataka chakula na mahali pa kulala, na vyumba vikafuata. Athi River ilikuwa na nyama, saruji, na baada ya sheria ya 1990 ikapata eneo la viwanda vya kuuza nje, ambavyo vikajaa washonaji wa nguo baada ya soko la Marekani kufunguliwa mwaka 2000. Mshahara ulitangulia, nyumba ikaja nyuma. Stesheni ya Syokimau ya 2012, reli mpya ya 2017 na barabara ya juu ya 2022 ziliwaongeza wapangaji wanaofanya kazi Nairobi, yaani wanaolipa kwa mshahara wa Nairobi. Sehemu hiyo, kwa hesabu ya fedha, ni mtaa wa jiji uliovuka mpaka wa kaunti. Wakamba husimulia kwamba nabii Syokimau aliiona reli kabla haijaja, joka refu likitambaa kutoka maji hadi maji. Wauza ploti wamempenda sana bibi huyu, ingawa katika simulizi hiyo hakusema nani atauza wapi.

Mlinganisho wa kweli ni Konza. Serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga jiji la teknolojia, na Rais Kibaki akalizindua Januari 2013. Kabla hata ya uzinduzi, ploti zilizokuwa porini zilikuwa zikitangazwa kwa jina la Konza umbali wa mwendo wa matatu mbili. Kisha serikali ikaweka ukanda wa kilomita 10 kuzunguka jiji hilo ambamo ujenzi ulizuiwa hadi mipango ikamilike, na maelfu ya wenye ploti wakabaki na kipande cha nyasi wasichoweza kukijengea wala kukiuza kwa bei waliyonunulia. Konza, inafaa kukumbuka, ilikuwa na stesheni na njia panda ya reli ya Magadi tangu enzi za Vita vya Kwanza. Imekuwa mji wa kesho kwa zaidi ya karne moja. Tofauti kati yake na Mlolongo si ramani wala barabara, maana zote mbili ziko kwenye barabara kuu ileile. Mlolongo ulikuwa na watu waliohitaji kulala pale usiku ule.

Sasa tuingie mjini Machakos penyewe, na tuweke hoja yangu kwenye mizani ya shilingi. Tangu 2013 mji umepata mambo mawili ya uzito: serikali ya kaunti na wafanyakazi wake, na chuo kikuu, kilichokuwa chuo kishiriki tangu 2011 na kupata hati yake ya kujitegemea mwaka 2016. Hayo ni makarani wa 1899 walioongezeka kwa wingi, na yametosha kuinua majengo ya ghorofa nne mahali palipokuwa na mahindi. Lakini bei ya kiwanja na kodi ya chumba havikupanda pamoja. Kiwanja hununuliwa na yeyote mwenye fedha, kwa hiyo bei yake hufuata akiba za Nairobi na Minnesota. Chumba hupangwa na anayekaa Machakos, kwa hiyo kodi hufuata mshahara wa Machakos, au posho ya mwanafunzi. Kadiri watu wa mbali wanavyoiona nafuu, ndivyo kiwanja kinavyopanda na ndivyo vyumba vinavyoongezeka, lakini mshahara wa mpangaji hauna habari na hayo yote. Wawekezaji wa mbali wenyewe, kwa kuja wengi, ndio wanaoila faida waliyoifuata.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba nyepesi. Ploti shilingi milioni 1.5, ujenzi wa bedsita kumi milioni 5.5, jumla milioni 7. Kodi 5,000 kwa mwezi kila chumba, yaani 600,000 kwa mwaka vyumba vyote vikijaa. Havijai vyote. Tuseme viwili kwa wastani viko wazi, zinabaki 480,000. Kodi ya serikali juu ya mapato ya nyumba, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya mapato ghafi kwa wenye nyumba wa daraja hili, inachukua 36,000. Ajenti kwa asilimia 8 anachukua 38,400. Keateka kwa 10,000 kwa mwezi, 120,000. Rangi, mabomba, taka, ada na maji ya bowsa wakati mifereji imekauka, tuseme 60,000. Mkononi zinabaki 225,600, sawa na asilimia 3.2 hivi ya milioni 7, katika nchi ambayo hati fungani za serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 bila kuziba bomba lolote. Na hapo mkopo haujatajwa. Mwenye kuishi Machakos anaweza kuipangua hesabu hii: anakuwa keateka wa nyumba yake, hamlipi ajenti, anajua fundi yupi hamzidishii bei, na chumba kikiachwa asubuhi kina mtu kufikia jioni. Vyumba ni vilevile, mji ni uleule, lakini faida yake inakaribia mara mbili ya mwenzake wa Nairobi.

Atakayepinga kwanza atasema kodi si kitu, faida iko kwenye ardhi. Vyumba ni vya kulinda kiwanja tu. Hoja hii ina nguvu, na miaka mingi ya Kenya inaiunga mkono. Lakini ardhi haijilipi yenyewe. Ili faida ionekane lazima apatikane mnunuzi mwingine anayetoa zaidi, na kwa kuwa mishahara ya mji haiwezi kufikia bei hizo, mnunuzi huyo naye lazima atoke mbali. Basi thamani ya kiwanja Machakos inategemea kwamba Nairobi itaendelea kuamini Machakos ni nafuu. Imani ya namna hiyo imewahi kukatika: iliondoka na Ainsworth, ikagandishwa Konza kwa tamko moja la serikali. Na tangu Januari 2023 ushuru wa faida ya kuuza mali umepanda kutoka asilimia 5 hadi 15, kwa hiyo hata anayebahatisha vizuri anagawana zaidi.

Wa pili atasema umbali umekufa. M-Pesa ilikuja 2007, kodi inaingia kwenye simu tarehe tano. Kuna kamera, kuna tokeni za stima kila mpangaji akijinunulia, kuna ajenti mwenye ofisi. Nakubali kwamba shida ya kubeba fedha imekwisha, na si jambo dogo. Lakini shida ya syengo haikuwa kubeba ng'ombe. Ilikuwa kumjua aliye nao. Simu inaonyesha kodi iliyolipwa, haionyeshi chumba kilichoandikwa kiko wazi huku shemeji wa keateka akilala ndani. Keateka wa leo analipwa mshahara uleule nyumba ikijaa au ikibaki tupu, mara nyingi mdogo kuliko kodi ya vyumba vitatu anavyovilinda. Mzee wa kilimani asingekubali mpango huo kwa mbuzi mmoja. Wapo wenye nyumba wachache wanaompa keateka chumba bure na kitu kidogo juu kwa kila chumba kilichojaa, na hao, kwa maoni yangu, wamegundua tena desturi ya wazee bila kuijua. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, vyumba vya wanafunzi viliachwa wazi kwa miezi. Ajenti wa ofisini angeweza tu kutuma taarifa. Keateka mwenye fungu lake katika kodi alikuwa na sababu ya kuzunguka sokoni akitafuta mama wa mboga au fundi wa kuingia kwa bei ya chini.

Pingamizi la tatu ndilo linalonipa shida, kwa sababu si la hesabu. Kote mijini Kenya, karibu kaya nane kati ya kumi hupanga, na mwenye kipato cha kati hana njia nyingi za kuwa na mali. Hawezi Nairobi, akiambiwa asijenge Machakos, ajenge wapi? Tena nyumba alizojenga, hata zisipomlipa, zimewafaa watu. Hilo ni kweli kuliko wanavyokiri wauza ploti na wakosoaji wao. Karani wa kaunti ambaye angepanga chumba cha mabati chenye choo cha nje leo anapata bedsita yenye sinki na geti la chuma, kwa bei iliyozuiwa isipande na wingi wa nyumba ambazo wenyewe wako mbali. Hasara ya mwenye nyumba wa Nairobi imekuwa, kwa sehemu, ruzuku ya mpangaji wa Machakos, na hakuna aliyeipigia kura. Hili halimfariji mwenye mkopo, lakini linaeleza kwa nini mji haumwonei huruma.

Ukitazama mageti ya majengo hayo mapya yaliyo karibu na chuo, mengi yana ubao unaotangaza vyumba vilivyo wazi, na chini yake namba ya simu. Kwenye baadhi, namba ya kwanza imepakwa rangi na nyingine kuandikwa juu yake: ajenti amebadilika, au keateka. Mpangaji anayesimama hapo haulizi kiwanja kilinunuliwa kwa bei gani. Anauliza kama maji yanakuja kila siku au ni ya Jumanne na Ijumaa, kama tokeni ni yake peke yake, na geti hufungwa saa ngapi. Anayemjibu ndiye aliyeshika biashara yote mkononi, na kwa kawaida ni kijana aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, mwenye funguo kumi kwenye waya mmoja.